Walimfuta Uhura Akili, Kisha Wakapiga Utani

Nimekasirikia episodi ya mwaka wa 1967. Ndiyo, najua. Hata mamangu hakuwa amezaliwa. Lakini juzi stima ilirudi mapema, laptopu ikapata chaji, na beshte yangu mwenye duka la muvi hapa karibu na stage ya Kaptembwo alikuwa amenijazia flashi Star Trek ya zamani, ile ya kina Kirk na Spock. Nikafika msimu wa pili, episodi inaitwa "The Changeling". Ilionyeshwa mara ya kwanza Septemba 1967. Ilipoisha nilifunga laptopu nikakaa tu hapo gizani kama mtu amekosewa heshima.

Na si ati ni episodi mbaya kila mahali. Hiyo ndiyo inaniuma. Ingekuwa takataka ningeenda kulala.

Kwa wale hamjaiona, stori iko hivi. Chombo cha angani kinaitwa Nomad kilirushwa kutoka Duniani miaka ya mwanzo ya 2000. Kazi yake ilikuwa kutafuta uhai huko mbali. Hakina rubani, hakina abiria, ni chombo peke yake na akili yake. Huko njiani kikagongwa, kikaharibika, kikakutana na chombo kingine cha viumbe wasiojulikana ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya sampuli za udongo na kuua vijidudu. Vyombo viwili vikajitengeneza vikawa kimoja, na amri zao zikachanganyika. Kile cha kwanza kilitumwa kutafuta uhai. Cha pili kilitumwa kusafisha. Zikichanganyika unapata nini? Chombo kinachotafuta uhai halafu kinaua wowote wenye kasoro. Kinapokutana na Kirk na meli yake, tayari kimemaliza watu bilioni nne.

Manze, hiyo idea ni moto. Iliandikwa kabla binadamu hajakanyaga mwezi. Hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Ni amri mbili nzuri tu zimekutana vibaya. Leo kila mtu anaongea kuhusu mashine zenye akili, na hii episodi ilishauliza swali lenyewe: mashine ikikutii kabisa, lakini imekuelewa vibaya, utafanya nini? Miaka 12 baadaye, mwaka wa 1979, filamu ya kwanza ya Star Trek ilikuja na stori inayofanana sana, chombo cha Duniani kinachorudi nyumbani kikiwa kikubwa, kina akili, na kinamtafuta aliyekiumba. Kwa hivyo wazo sina shida nalo.

Shida yangu ni dakika chache katikati.

Nomad kimeingizwa ndani ya meli. Kinamdhania Kirk ni muumba wake, kwa sababu jina lake linafanana na la mwanasayansi aliyekitengeneza. Kinazungukazunguka. Kinafika mahali Uhura anafanya kazi. Uhura anaimba. Anafanya kazi yake huku akiimba, vile mathe yeyote anaimba akifua. Nomad hakielewi kuimba. Kinauliza huu ni mawasiliano gani, hakipati jibu kinalolitaka, kinamwangazia kichwani. Mara moja. Kila kitu Uhura anachojua kimefutika. Kusoma, kazi, jina la mamake, wimbo wenyewe.

Mnajua Uhura ni nani, lakini acha niseme kwa wale wadogo. Jina lake limetolewa kwa neno letu "uhuru". Mwaka wa 1966 Kenya ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, na huko Marekani mtu mweusi alikuwa bado anapigania kuhesabiwa mtu. Halafu kwa televisheni ya taifa zima anatokea mwanamke mweusi, afisa wa meli ya angani, jina lake Kiswahili, na ndiye anashughulikia mawasiliano. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na ni Martin Luther King mwenyewe aliyemwambia asithubutu. Akabaki. Na katika msimu huo wa pili ndio wakamwandikia hii.

Sasa ona wanavyomtibu. Daktari anasema ubongo haujaharibika, elimu tu ndiyo imetoka, kwa hivyo atafundishwa upya. Tunamwona Uhura, afisa mzima, ameketi anasoma kitabu cha mtoto kuhusu mbwa na mpira. Neno moja linamshinda. Anachoka, anakasirika, na anatoka na Kiswahili.

Niliisimamisha hapo. Nikarudisha nyuma nikaangalia mara tatu.

Kwa sababu fikiria: kama kila kitu kimefutwa, hicho Kiswahili kimetoka wapi? Hakuna aliyemfundisha. Somo ni la Kiingereza. Anayemfundisha ni nesi wa Kizungu. Bila kujua, walioandika wamesema kitu kikubwa kuliko episodi nzima: kwamba kuna lugha iliyokaa chini kabisa, mahali ambapo hata hicho chombo kilichoua watu bilioni nne hakikufika. Hiyo ndiyo episodi nilitaka kuona. Hiyo ndiyo stori. Na wao wanaipita kama matatu ambayo haina nafasi. Sekunde chache, tumerudi kwa Kirk.

Kabla episodi iishe, tunaambiwa Uhura ashafika kiwango cha chuo na wiki moja hivi atakuwa amerudi kazini. Wiki. Mimi nilikaa chuoni karibu miaka miwili na sidhani nilifika hicho kiwango. Halafu episodi inafungwa na Kirk akipiga utani kwamba amempoteza mwana, ambaye angekuwa daktari mzuri sana. Kicheko. Muziki. Mwisho.

Mwana unayemlilia ni mashine, buda. Dada yako Uhura je?

Sasa nawaambia kwa nini hii imenigusa hivi.

Shosho yangu aliuza viazi hapa Kaptembwo miaka mingi kuliko umri wangu. Asubuhi moja, mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni, aliamka akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia, na mdomo umeenda upande. Kiharusi. Hakufa, tukashukuru Mungu. Lakini maneno yalikuwa yameenda. Alikuwa anakuangalia, unaona kabisa yuko ndani, anajua wewe ni nani, lakini akifungua mdomo kinatoka kitu ambacho si neno. Na yeye alikuwa anajua si neno. Hapo ndipo machozi yalikuwa yanamtoka.

Mathe anafanya kazi hotelini taoni, anatoka saa kumi na moja asubuhi anarudi usiku. Dada yangu alikuwa kidato cha pili. Kwa hivyo ni mimi. Niliomba ruhusa ya semesta moja. Ikawa mbili. Pesa ya karo ikaenda kwa dawa na mazoezi. Semesta ya tatu sikuomba tena ruhusa, nilikubali tu kwamba nimeacha. Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo na mimi huwapa jibu la kuchekesha. Hili ndilo jibu lenyewe.

Tulianza na daftari la mistari, kama Uhura. Nachora kikombe, naandika "kikombe". Shosho anasema "kiatu". Nachora kiatu, anasema "kesho". Siku nyingine anapata maneno manne, siku inayofuata hana hata moja. Neno la kwanza kurudi likiwa zima lilikuwa "hamsini". Bei ya fungu lake la viazi. Nikimwonyesha jua, hamsini. Nikimwonyesha paka, hamsini. Tulicheka sana na hiyo hamsini, hata yeye. Kikuyu chake, lugha aliyozaliwa nayo, kilichelewa kurudi. Kiswahili cha sokoni, cha kuita wateja miaka hiyo yote, ndicho kilichotangulia.

Nilisubiri miezi kumi na moja kusikia jina langu kutoka kwake.

Na mimi sikuwa malaika. Jioni moja nilikuwa nimechoka, nimeshinda nikichota maji kwa mitungi kwa sababu mfereji wa ploti ulikuwa mkavu, na shosho akaniomba chumvi. Nikampa chumvi. Akakataa. Chumvi. Nikampa tena. Akasukuma. Alikuwa anataka sukari, neno ndilo lilikuwa linamkataa. Nikampigia kelele. Nilimwambia, "Si useme tu unachotaka!" Yaani nilimwambia mtu aliyepoteza maneno aseme tu. Akageuza uso ukutani. Sijawahi kusahau huo mgongo.

Kitu ambacho sikuwa najua wakati huo, na nilikuja kuelezwa na mtaalamu wa kufundisha watu kuongea, ni hiki: kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio unabeba maneno. Kiharusi kikipiga huko, kuongea kunaenda. Lakini kuimba kunategemea sana upande ule mwingine. Ndiyo maana kuna watu hawawezi kukuambia jina lao lakini wanaweza kuimba wimbo mzima na maneno yake. Alituambia tujaribu. Mathe siku yake ya kupumzika akaanza wimbo wa kanisani, mmoja wa zamani sana, akiosha vyombo. Na kutoka kwa kitanda ikatoka sauti ya pili. Maneno yote yako. Kila ubeti. Mathe aliacha vyombo kwa maji akakaa chini sakafuni.

Baada ya hapo tuliacha daftari kiasi. Tukawa tunaimba vitu. Tunaimba chai. Tunaimba sukari. Majirani walidhani tumefungua kanisa.

Kwa hivyo rudi sasa kwa hiyo episodi uone walichokuwa nacho mkononi. Mwanamke anafutwa akili kwa sababu anaimba. Mashine inaua wimbo kwa sababu haiuelewi. Halafu wanampa kitabu cha mbwa na mpira. Hakuna hata mmoja kwa hiyo meli yote, yenye mamia ya watu, anayeenda kukaa karibu naye amwimbie. Spock, ambaye kwa episodi nyingine amewahi kupiga kinubi Uhura akiimba, hata yeye. Hawakuhitaji hata kujua mambo ya ubongo. Walihitaji tu kumpenda kidogo.

Najua mtakachosema. "Hiyo ilikuwa TV ya 1967. Kila episodi ilisimama peke yake. Wiki inayofuata kila kitu kinarudi sawa, ndio mtu aliyekosa asipotee." Ni kweli. Hiyo ndiyo hoja nzuri zaidi ya kuwatetea na siidharau. Kwa hiyo episodi hata Scotty anauawa na Nomad, halafu Nomad hicho hicho kinamrekebisha, anainuka anaendelea. Ndivyo walivyofanya kazi.

Lakini Aprili mwaka huo huo wa 1967, Star Trek hiyo hiyo ilionyesha "The City on the Edge of Forever". Kirk anampenda mwanamke anaitwa Edith Keeler, na inabidi amwache afe ili historia isiharibike. Mnajua inaisha aje? Hakuna utani. Hakuna kicheko. Kirk anataka tu waondoke hapo. Dakika ya mwisho ni nzito kama jiwe. Na wiki iliyofuata, ndiyo, kila kitu kilirudi sawa. Lakini walikuwa wamelia kwanza. Kwa hivyo walijua. Kulia ndani ya dakika 50 kuliwezekana. Waliamua tu ni nani analiliwa na ni nani anarekebishwa arudi kazini. Edith alipata ukimya. Nomad kilipata utani wa mapenzi ya baba. Uhura alipata kitabu cha mtoto.

Sisemi aliyeandika alikuwa mtu mbaya. Nasema hakuna aliyemtazama Uhura kama mtu ambaye stori inaweza kusimama juu yake. Alikuwa pale kuonyesha kwamba chombo ni hatari. Angeweza kuwa kioo kimevunjika.

Na msiniambie "ni TV tu". Hizi stori ndizo zinatufundisha kupona ni nini. Kwa muvi mtu anagongwa, anaamka hospitali, bandeji kichwani, wiki moja anapigana tena. Ndiyo maana majirani walikuwa wanapita kwetu mwezi wa tatu wakiuliza, "Kwani shosho bado?" Kwa upendo kabisa. Ndiyo maana mimi nilipiga kelele kwa sababu ya sukari. Kichwani mwangu kulikuwa na ratiba ambayo hakuna daktari aliyenipa. Niliitoa wapi? Najua wengi wenu huko Rhonda, Kayole, Mathare, Kisauni, mko na mtu kitandani nyumbani na hamjaambia mtu. Mnafuta jasho, mnabadilisha shuka, halafu mnaingia mtandaoni kuchekesha watu. Nawaona. Wiki moja ni uongo. Hamfanyi vibaya. Ndivyo inavyochukua.

Kuna kitu kimoja kilinituliza, na ndiyo sababu naandika badala ya kutukana tu.

Mei 2022 ilitoka episodi ya pili ya Strange New Worlds, Star Trek mpya inayoonyesha miaka ya kabla ya Kirk kuwa nahodha. Inaitwa "Children of the Comet". Uhura sasa anaigizwa na Celia Rose Gooding. Bado ni mwanafunzi, Mkenya waziwazi, ametajwa hivyo, na amewapoteza wazazi wake kwa ajali, ile njia ya masomo aliyokuwa amepangiwa ikamshinda kuifuata. Hapo nilikaa wima, manze. Mtu aliyeacha njia ya chuo kwa sababu ya nyumbani, na bado yuko kwa meli.

Ndani ya kimondo kuna kitu kikubwa cha ajabu, kina aina fulani ya akili, kinakaribia kuanguka juu ya sayari yenye watu. Hakuna anayekielewa. Kompyuta zimeshindwa. Uhura, kwa woga tu, anajiimbia kwa sauti ya chini. Na kitu hicho kinaitikia. Kinawaka taa. Anaendelea, wimbo wa kwao nyumbani, Spock anaungana naye, na ngao ya kimondo inashuka.

Angalia hivyo vitu viwili ukiviweka pamoja. 1967: Uhura anaimba mbele ya akili ngeni na inamfuta. 2022: Uhura anaimba mbele ya akili ngeni na inamjibu. Miaka 55 katikati. Sijui kama walioandika walikuwa wanafikiria Nomad, na sihitaji kujua. Kwangu mimi deni limelipwa nusu.

Nusu nyingine bado. Nataka mtu arudi kwa ile wiki moja. Nataka episodi nzima ya Uhura na daftari lake. Asiwe na mashine ya kuua, asiwe na sayari ya kuokoa. Awe na neno moja ambalo halitoki. Kiswahili kikitoka, mtu aliye karibu naye asimrudishe kwa kitabu, amuulize, "Umesema nini? Rudia." Na akirudi kazini mwishoni, kuwe na wimbo mmoja ambao haukumbuki tena, na asijifanye haumsumbui. Hiyo nitaitazama hata kwa simu yenye skrini imepasuka, hata kama bando itaisha katikati.

Shosho sasa anaongea. Si kama zamani. Chumvi na sukari bado zinabadilishana siku zingine, na sisi tumejifunza kuonja kabla ya kuuliza. Nilimwonyesha ile sehemu ya Uhura akisoma. Hajui Kiingereza kingi, na Star Trek hajawahi kuisikia. Alimwangalia yule dada akihangaika na neno, akasonya, akasema kitu polepole, neno moja moja, vile anavyoongea siku hizi.

"Huyo. Mwambie. Aimbe."